Mikono ya Kumzamisha Bi Orinthia

Kwa miaka tisa Bi Orinthia Weeks ndiye aliyetuokea mkate wa meza ya Bwana, na kwa miaka tisa hakuuonja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuja nao umefungwa kwa kitambaa cheupe, akauweka mezani, akanyoosha ukingo wa kitambaa kwa kidole kana kwamba anamfunika mtoto, kisha akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na dirisha. Sahani ilipomfikia aliipitisha kwa jirani. Hakuwa amebatizwa, na kanisani kwetu asiyebatizwa hali. Hata unga uliobaki vidoleni hakuulamba, alinawa. Nimemwona kwa macho yangu, maana jiko lake ndilo lililonilisha tangu siku niliyoteremka botini hapa Punta Lorenza nikiwa na sanduku moja, kikoba cha vifaa vya kushonea viatu, na homa.

Mimi ndiye mchungaji. Nililetwa na misheni kutoka milimani Bolivia, mahali ambapo maji mengi kuliko yote niliyoyaona kabla ya kufikisha miaka thelathini yalikuwa ndani ya pipa. Baba alimezwa na mgodi, mama akafuata kwa kikohozi, nami nikalelewa na fundi viatu aliyenifundisha kazi kwa kunipiga na hicho hicho kiatu ninachokishona. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili ujue kwa nini kimo changu kiliacha kupanda mapema. Nikisimama kando ya Bi Orinthia, wageni hudhani amekuja na mkoba wake.

Kanisa letu ni watu thelathini na wanne, na Jumapili ya mvua watu kumi na tisa. Wapo Weusi wa pwani, ambao babu zao walitoka visiwani kuja kukata ndizi. Wapo Wangäbe, wenyeji wa nchi hii tangu kale, wanaoshuka mto na mitumbwi yao, wanawake wamevaa magauni mapana ya rangi za kuumiza macho. Wapo watu wa Chiriquí waliovuka mlima kutafuta mashamba. Na yupo Mzee Amado Chong mwenye duka, ambaye anatosha kuwa kabila zima peke yake. Mtu akitusikia kutoka barabarani anaweza kudhani tunagombana. Wimbo ni mmoja, lakini watu wa pwani wanauvuta kama wanaopanda kilima na mzigo, wa Chiriquí wana gitaa na haraka, na Wangäbe wanangoja tumalize ndipo wauimbe tena polepole kwa lugha yao, macho sakafuni. Mzee Chong huimba wimbo mwingine kabisa. Mwaka wa kwanza nilimuuliza sababu.

“Huo wenu siupendi,” akaniambia.

Tunayo sheria moja ya kwetu wenyewe, ambayo haimo katika kitabu chochote cha misheni: mtu hazamishwi na mikono ya watu wake. Zamani, kabla yangu, kila kundi lilikuwa likibatiza watu wake, hawa juu ya mto, hawa chini, na ikafika mahali wakawa hawasalimiani sokoni. Mabibi watatu wa makundi matatu, ambao sasa wote wamelala makaburini, ndio walioikata kesi hiyo. Wakasema anayeingia majini atashikwa na watu wawili, na wote wawili wasiwe wa kwao. Na waliokushika ndio jamaa zako tangu hapo. Wakifiwa unakesha, wakipika unaonja, wakikosea unawasema bila kuogopa.

Kwa sheria hiyo mchungaji mgeni alikuwa mali. Mimi si wa mtu, kwa hiyo naweza kumshika kila mtu. Nimeshika watu ishirini na wawili, na hakuna aliyenitoka, ingawa mmoja aliibuka na ndala moja.

Ila yule niliyetaka kumshika kuliko wote alikuwa akinikataa. Kila mwaka nilimuuliza, na kila mwaka alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole viwili.

“Kwa vijiti hivi? Mwanangu, hii inatosha kuzamisha kuku.”

Watu wakicheka nami nilicheka. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, sahani ilipofika benchi la mwisho, nilikuwa nikimtazama, nikaona mkono wake haukuipitisha mara moja. Ulikaa pale. Kidole kimoja kiligusa ukingo wa sahani, kikatoka, ndipo akampa jirani. Ilikuwa kama sekunde tatu hivi. Nilisahau sala niliyotakiwa kusema, Bi Ludivina, karani wa kanisa, akanikoholea.

Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani kwa Mzee Chong.

“Mzee, una kitu chenye uzito wa Bi Orinthia?”

Aliacha kupanga makopo ya sardini. Akautazama mlango, akashusha sauti. “Yeye anajua unauliza?”

“Hajui.”

“Basi na mimi sijasikia.” Lakini akanipeleka nyuma ya duka, akanipa magunia mawili matupu ya chakula cha kuku, akanionyesha mchanga ulipo, na tulipomaliza kuyajaza akayafunga pamoja kwa kamba ya katani. Akarudi nyuma hatua mbili kuyakadiria, kama anavyokadiria nguruwe. “Hiyo ni robo tatu yake. Robo iliyobaki ni mdomo, na huo hutauweza.”

Nikaanza mazoezi. Kila alfajiri nilikwenda nyuma ya karakana ya Abelino Abrego, mahali mto unapokuwa mpana na kina kinafika kiunoni. Abelino ni Mngäbe, mchonga mitumbwi, mzee wa kanisa, mtu anayesema maneno sita kwa siku na manne yanakuwa ya kumwambia mbwa. Mkono wa kushoto chini ya mabega ya gunia, wa kulia kifuani pa gunia, magoti yakunjwe, shuka, inuka. Siku ya kwanza niliinua. Ya pili niliinua kwa shida. Ya tatu nikadhani imani yangu inapungua, kumbe ni mchanga unaokunywa maji na kuzidi uzito. Aliyezaliwa pwani angejua. Mimi niliendelea kuomba nguvu.

Siku ya tano gunia lilishuka nami nikashuka nalo. Kamba ya katani ilikuwa imenasa kwenye mkanda wangu wa suruali. Nikalala chini ya mto nimelikumbatia gunia kama bwana harusi, nikiona mwanga wa asubuhi juu yangu unachezacheza vizuri sana.

Sijui kuogelea. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, maana ni jambo gumu kulieleza kwa mtu ambaye sehemu ya kazi yake ni kutia wenzake majini.

Abelino alinitoa kwa ukosi wa shati. Alinilaza kifudifudi juu ya mtumbwi ambao haujamalizika, akasubiri hadi nikaacha kutapika. Kisha akatazama gunia lililokuwa bado chini ya maji.

“Mchungaji,” akasema, “huyo umembatiza kwa jina gani?”

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe tu. Mkewe naye aliwaambia watu mmoja mmoja, kwa siri. Hadi saa sita wapakiaji wa ndizi gatini walikuwa wakiniita Baba Gunia, na mwanamke mmoja ambaye hata si wa kanisa letu aliniletea dawa ya kifua, akakaa makusudi ili asikie hadithi kutoka kwangu mwenyewe.

Jioni mlango ulifunguliwa bila hodi. Bi Orinthia aliingia na bakuli la rondoni, samaki na mihogo na ndizi katika tui zito, akaliweka juu ya sanduku langu.

“Inuka ule.”

“Asante, mama.”

“Usiniite mama. Mama ni mtu anayeheshimiwa. Nani kakwambia mimi ni mchanga?”

“Bi Orinthia, nilikuwa nataka tu—”

“Kula. Utasema ukimeza. Magunia mangapi?”

“Mawili.”

“Mawili!” Akakaa kitandani. Kitanda kikalia, nami nikateleza hadi ubavuni pake pamoja na shuka. “Na Chong kasema ni robo tatu. Usikane, najua. Nitaonana naye.”

Nilikula. Alinitazama nikila, akinielekeza kwa kidevu vipande ambavyo naviacha. Nilipofika mwisho wa bakuli alikuwa ametulia kidogo.

“Kwa hiyo miaka yote hii unadhani naogopa utaniangusha.”

“Si ndivyo unavyosema?”

“Nakutania! Wewe mwenyewe unatania watu mpaka matangani, leo umeshindwa kuujua utani?” Akavuta pumzi, akaanza kuikunja ncha ya aproni yake. “Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama alipofariki. Wadogo watano. Mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, waliobaki wameshika sketi. Wakakua, nikaolewa. Cleveland akapata kiharusi, nikambeba na yeye, miaka saba, toka kitandani mpaka kwenye kiti, toka kwenye kiti mpaka kitandani. Silalamiki, alikuwa mume mzuri na alikuwa mwepesi. Lakini mimi sikumbuki mtu aliyenibeba. Hata mara moja. Mwili wangu haujui mambo hayo. Kwa daktari wa meno, akilaza tu kile kiti, miguu inakakamaa, ananiuliza mama unaumwa wapi, na bado hajagusa jino. Halafu wewe unaniambia nifumbe macho, niegemee nyuma, nimwachie mtu uzito wote. Naachaje? Niambie. Mtu anaachaje?”

Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu, na hilo hawakutufundisha. Nikamwambia kitu pekee kilichokuwa mdomoni.

“Mimi sijui kuogelea.”

“Eti?”

“Sijui. Hata kidogo.”

“Na miaka tisa unasimama mle?”

“Nasimama panapofikika chini.”

“Na kama ungeteleza?”

“Ningemng'ang'ania yule ninayembatiza.”

Alicheka. Bi Orinthia akicheka kweli hatoi sauti, anatikisika tu, na kitanda kilitikisika naye, na mimi ndani yake. Alijifuta macho kwa aproni. Kisha akaacha kucheka, akanitazama kama anavyotazama mkate ndani ya tanuri.

“Kumbe ulikuwa unaogopa na unaingia hivyo hivyo.”

“Ningefanyaje? Watu wameshavaa nguo nyeupe.”

Akasimama, akachukua bakuli. “Andika jina langu. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao.”

Nilitaka kuruka, shuka likanizuia. “Bi Orinthia! Nitakushika kama yai. Nitaomba Abelino asimame upande—”

“Si wewe.”

“Si mimi?”

“Tutaongea kikaoni,” akasema, akatoka.

Kikao tulikaa Jumatano alasiri, ndani ya kanisa, madirisha wazi. Mwenye daftari alikuwa Bi Ludivina Caballero, mwalimu mstaafu kutoka Chiriquí, mwembamba, amenyooka kama rula yake ya zamani. Yeye na Bi Orinthia hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu. Mmoja akifungua dirisha mwingine analifunga. Mmoja akisema wimbo namba arobaini, mwingine anaugua koo. Ukiwasikia wakisalimiana unatafuta mahali pa kujikinga.

“Orinthia Weeks anaomba ubatizo,” Bi Ludivina akasoma, na kidole chake kilibaki kidogo juu ya jina, maana naye alikuwa amengoja miaka tisa, ila asingekubali. “Washikaji wake mchungaji na nani?”

“Mchungaji hawezi,” Bi Orinthia akasema. “Sheria inamkataza.”

“Inamkataza vipi?”

“Mtu hazamishwi na watu wake. Huyu ni wangu.”

Bi Ludivina alivua miwani. “Orinthia, huyu ni Mbolivia.”

“Nimemwuliza uraia wake mimi?”

“Hajawahi kuwa mtu wa pwani. Hawezi hata kupasua nazi.”

“Marehemu Cleveland naye alikuwa hawezi, na nilimzalia watoto.” Akageukia wengine. “Sikilizeni. Huyu alipoumwa homa ya kwanza alilala kitandani kwangu, mimi nikalala kwenye kiti. Nikimgombeza mbele za watu, hanuni. Anakuja jikoni anafunua sufuria kabla hajanisalimia. Na ananidanganya. Juzi nimemuuliza umekula, kasema ndiyo, hakuwa amekula. Mgeni hadanganyi hivyo. Mgeni akiulizwa umekula, anasema hapana, apewe.”

Mzee Chong aliinua kidole. “Hilo ni kweli. Na anachokopa kwangu nakiandika kwa jina la Bi Orinthia.”

“Unaona!”

“Tangu lini?” nikauliza, na kila mtu akanitazama kwa huruma.

Bi Ludivina aligeuza kurasa za daftari nyuma na mbele, akitafuta mahali palipoandikwa jinsi mgeni anavyoacha kuwa mgeni. Hapakuwepo. Akamwuliza Abelino, kwa kuwa Abelino ndiye mkubwa kuliko sote kwa miaka ya ubatizo.

Abelino alifikiri muda mrefu. Mbwa wake aliyekuwa mlangoni akalala. “Alipokuwa anazama,” akasema hatimaye, “alimwita nani?”

Wote wakanigeukia.

“Sikumwita mtu. Nilikuwa chini ya maji.”

“Nilipokutoa. Ulipokuwa unatapika.”

Sikukumbuka. Kweli sikukumbuka. Lakini Abelino hana tabia ya kubuni, maana hiyo ingemlazimu kuongea.

“Ulisema, ‘Msimwambie Bi Orinthia, atanipiga,’” akasema Abelino. “Hilo neno la mtoto wa nyumbani.”

Bi Ludivina akaandika. Ndivyo ilivyopita. Nilikaa pale kwenye benchi bila kujua nifanye uso gani. Nilikuwa nimekuja nchi hii peke yangu kama kidole, na sasa imeandikwa daftarini kwamba nina watu. Na siku hiyo hiyo, kwa kalamu hiyo hiyo, kazi niliyoitamani kuliko zote nimenyang'anywa.

“Mkono wa kulia namtaka Abelino,” Bi Orinthia akaendelea. “Wa kushoto namtaka Ludivina.”

Kalamu ilisimama.

“Mimi?”

“Wewe. Nikiweza kukuachia wewe uzito wangu, kwa Mungu itakuwa rahisi.”

Bi Ludivina alivaa miwani yake tena, akaivua, akaifuta, akaivaa. “Utakata kucha kwanza,” akasema. “Sitaki kuchunwa.”

“Na mimi nitafanya nini?” nikauliza.

“Ndugu wa anayebatizwa husimama ukingoni na taulo.”

“Na maneno?”

Wakatazamana. “Maneno hayana mikono,” Mzee Chong akasema. “Yaseme kutokea huko huko.”

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kanisa zima lilijipanga ukingoni, na nusu ya kijiji isiyo ya kanisa pia, pamoja na wapakiaji wa ndizi, waliosema wamepita tu. Bi Orinthia alikuja na gauni jeupe alilolishona kwa mashuka mawili. Alinipa taulo. Akanipa miwani. Kisha akageuka kando, akatoa meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso, akanipa nayo.

“Ukiyaangusha ushije nyumbani,” akasema.

Aliingia majini kati ya wale wawili, Abelino mfupi na mpana, Bi Ludivina mrefu kama mwanzi, gauni lake limefungwa fundo juu ya magoti. Walipofika kiunoni wakasimama. Nikasema maneno kwa sauti kubwa, nikimbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na hao wakamlaza.

Hakulala. Alikwenda nyuma kama ubao, mabega yakaingia, miguu ikang'ang'ania chini, shingo ikakakamaa, na uso wake ukabaki juu ya maji ukituangalia sote.

“Bado pua,” Bi Ludivina akatangaza.

“Pua ni kitu kidogo,” Mzee Chong akaita kutoka ukingoni. “Msamehe.”

“Hakuna kubatizwa mpaka mashavuni. Orinthia, teremka.”

“Natelemka!”

“Huteremki. Umesimama.”

Wakajaribu tena. Nikasema maneno tena. Safari hii alimkamata Abelino kifuani, na nilisikia vifungo vya shati vikitua majini kimoja kimoja. Aliinuka anahema, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anataka kukimbia. Alitazama ukingoni. Alinitazama mimi. Taulo lilikuwa mikononi mwangu, na meno, na miwani, na sikuwa na mkono wa kumpa. Nilichoweza ni kubaki pale. Nakuambia, kumshika mtu wa kilo mia moja na kumi na tano ni kazi nyepesi kuliko kubaki pale.

Abelino ndiye aliyesema. “Bibi. Mtumbwi mpya hatuusukumi majini. Tunauegemeza, tunangoja. Maji yenyewe yanauchukua.”

“Mimi shi mtumbwi.”

“Kweli. Mtumbwi haubishani.”

Mtu mmoja alicheka, kisha kumi, kisha hata wapakiaji. Na katikati ya kicheko hicho niliona mabega yake yameanza kutikisika bila sauti. Alikuwa anacheka na yeye. Hapo Bi Ludivina alipitisha kiganja nyuma ya shingo yake, akamwinamia, akamnong'oneza kitu sikioni. Alichosema sikijui. Nimewauliza wote wawili, na wote wawili wameniambia hakinihusu, na ndilo jambo la kwanza nililowaona wakikubaliana.

Bi Orinthia alifumba macho. Magoti yakaachia. Nikaanza maneno kwa mara ya tatu, na sauti ikaniishia kwenye jina la Roho, nikamalizia kwa midomo. Akaenda nyuma polepole, nywele, paji, mashavu, pua, yote, na miguu yake miwili mikubwa ikaelea juu ya maji kama ya mtoto kwenye beseni. Mto ukamfunika. Hawakuwa na haraka ya kumtoa. Mimi ningekuwa nimeshamwinua. Bi Ludivina alimwacha pale kidogo zaidi, akimtazama kupitia maji yale ya rangi ya chai ambayo hayakuonyesha kitu.

Aliinuka. Alisimama amewaegemea wote wawili, na hawakuyumba. Kisha akafungua macho.

“Tauo!” akaita.

Nikakimbia. Nilikuwa nimeshaingia hadi mapajani kabla sijakumbuka kwamba mimi si wa majini leo, na ncha ya taulo ilikuwa inaelea nyuma yangu.

“Ndugu gani huyu,” Bi Orinthia akasema alipokwisha kurudisha meno. “Taulo limelowa kuliko mimi.”

Tulirudi kanisani tukiwa na matope. Alivaa gauni kavu, akakaa benchi lake la mwisho karibu na dirisha. Mkate ulikuwa mezani tangu asubuhi, umefunikwa. Niliumega. Sahani ikapita benchi kwa benchi, na nikatembea nayo mimi mwenyewe kwa sababu nilitaka kufika nayo pale. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa kwa ibada, na wote walikuwa wanachungulia.

Alichukua kipande. Akakishika kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akinipima mkono. Akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Akatafuna sana. Nikaona uso wake unabadilika, paji linakunjamana, midomo inasogea, nami machozi yakanilenga kwa kuwa nilidhani na yeye yamemlenga.

Akafungua macho.

“Hauna chumvi,” akasema.

Vichwa vyote vikainuka.

“Mkate huu hauna chumvi! Ludivina, hauna chumvi?”

Bi Ludivina aliangalia paa. “Haujawahi kuwa nayo.”

“Tangu lini?”

“Tangu wa kwanza,” akasema Abelino.

“Miaka tisa?” Akashika kichwa. “Ni siagi. Mkate wa kuuza natia siagi ya kopo, ile ina chumvi yake, sihitaji kuongeza. Huu nikasema ni wa Bwana, nisitie siagi, nikatoa siagi…” Akatutazama mmoja mmoja, watu wa pwani, Wangäbe, watu wa Chiriquí. “Na nyinyi mkawa mnameza tu? Hamna mdomo?”

“Sisi tulidhani ni mafundisho,” akasema Mzee Chong.

Akanigeukia. Nilikuwa bado nimesimama mbele yake na sahani, suruali inachuruzika maji sakafuni.

“Na wewe?”

“Mimi nilikuwa mgeni, Bi Orinthia. Mgeni anasemaje?”

“Na sasa?”

“Sasa nasema. Hauna chumvi, na katikati hauivi.”

Alinipiga begani kwa leso, ile iliyokuwa imefungiwa meno. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani. Bi Ludivina alifungua mdomo, maana kwetu ni kipande kimoja kwa kila mtu, na imeandikwa. Akaufunga.

“Lete kingine,” Bi Orinthia akasema. “Nataka nijue vizuri nilichokuwa nawafanyia.”